UFA ULIOUONA UKANYAMAZA, USIUITE QADARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu yangu unayesoma, leo naomba dakika zako kumi. Somo letu leo ni fremu ya pikipiki. Usicheke, na usipite haraka. Juu ya vile vyuma viwili vitatu vilivyounganishwa kiwandani hukaa baba wa watu, hukaa mama mjamzito anayewahi kliniki, hukaa mtoto anayepelekwa chuoni asubuhi na juzuu yake mkononi. Kitu kinachobeba roho za waja wa Allah kina hukumu zake katika dini, hata kama hatujazoea kukisikia kikitajwa juu ya mimbari.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya neno moja tunalolisema kila tukitoka kuzika. Kijana kaanguka na pikipiki, mazishi yamekwisha, watu wamekaa kwenye mkeka wa matanga wanazungumza. Mmoja anasema fremu ilikatika. Mwingine anasema, "Mbona ule ufa ulikuwepo siku nyingi?" Wa tatu anafunga mjadala: "Basi tena, ajali haina kinga, ni qadari ya Allah." Wote wanatikisa vichwa, kahawa inapita, yamekwisha.

Ndugu yangu, hayajakwisha. Kuamini qadari, ya kheri na ya shari, ni katika nguzo za imani yetu, na asiyeiamini hana imani kamili. Lakini ufa uliouona kwa macho yako, ukaupitishia rangi, au ukaukalia kimya kwa sababu ya pesa, usiufunike kwa neno qadari. Hapo umelichukua neno tukufu la dini ukalifanya tambara la kufutia damu.

TUJIFUNZE KWA SAYYIDNA UMAR

Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alisafiri kwenda Sham akiwa khalifa. Alipofika mahali panapoitwa Sargh, akapewa habari kwamba tauni imeingia Sham. Akawaita Muhajirina akawataka ushauri, kisha Answari, kisha wazee wa Kikuraishi. Mwisho akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.), na huyo ni katika wale kumi waliobashiriwa pepo, akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah.

Jibu la Umar, kwa maana yake, lilikuwa kwamba naam, anaitoka qadari ya Allah na kuiendea qadari ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja una malisho na upande wa pili ni mkavu. Akichunga huku ni kwa qadari, na akichunga kule ni kwa qadari. Kisha akatokea Abdurrahman bin Awf (r.a.) na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafiki uamuzi ule, Umar akamhimidi Allah.

Sasa zingatia. Ukiegesha pikipiki yenye ufa, ni kwa qadari. Ukiipanda na abiria wawili, ni kwa qadari pia. Hutaulizwa kwa nini Allah alikadiria. Utaulizwa wewe, mwenye macho na akili, kwa nini uliona upande mkavu wa bonde ukawapeleka watu huko.

KWA NINI CHUMA HUKATIKA

Wengi wetu tunadhani chuma hukatika kwa sababu ni kibovu au kwa sababu kimegongwa sana siku moja. Sivyo, na kutojua hili kunaua.

Mwaka 1842, karibu na mji wa Versailles kule Ufaransa, treni iliyojaa abiria iliacha reli baada ya ekseli ya injini kuvunjika. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, wakafa watu zaidi ya 50. Ekseli ile haikukutana na mzigo wa ajabu siku ile. Miaka iliyofuata mhandisi wa Kijerumani, August Wöhler, alikaa muda mrefu akizijaribu ekseli za treni, akaonyesha jambo ambalo mpaka leo linafundishwa vyuoni: mzigo ambao chuma kinaubeba bila shida mara moja, ukirudiwa mara nyingi, unaweza kukivunja. Kinaanza kiufa chembamba kama unywele. Kila mtikisiko unakisogeza kidogo. Siku ya siku, sehemu iliyobaki nzima inakuwa ndogo mno, inakatika kwa mkupuo. Wahandisi wanaita uchovu wa metali. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za Uingereza, aina ya Comet, zilisambaratika angani, moja mwezi Januari na nyingine Aprili, na uchunguzi ukaelekeza kwenye uchovu huohuo.

Kama treni na ndege zilipatwa, pikipiki yako ni nani?

Piga hesabu ya kawaida. Tuseme unapita matuta na mashimo 100 kwa siku, na wewe mwenyewe unajua njia zetu za mitaani zina zaidi ya hayo. Kwa siku 300 za kazi ni mara 30,000 fremu inapinda na kurudi. Hiyo ni kwa mwaka mmoja, na pikipiki nyingi za biashara zinapiga miaka mitano, zikibadilisha mikono.

Halafu tunaongeza mambo yetu matatu.

La kwanza ni mishikaki. Pikipiki ndogo ya biashara imetengenezwa kwa dereva na abiria mmoja, na kitabu chake kimeandika kikomo cha uzito. Sisi tunaweka dereva na watu watatu. Watu wanne wa kilo 65 kila mmoja ni kilo 260, na hapo hujaweka begi. Ukiweka gunia la mkaa au kreti za soda nyuma kabisa ya keria, mbali na tairi, mzigo unafanya kazi ya mtarimbo: unabinua kuja juu, na vyuma vya chini ya kiti vinabeba adhabu kubwa kuliko ile inayosomeka kwenye mzani.

La pili ni kuchomelea ovyo. Tunataka keria ndefu, tunataka ngao ya mbele, tunataka mahali pa kufunga mwavuli, tunakwenda kwa fundi anachomelea moja kwa moja kwenye fremu. Moto wa kuchomelea unabadilisha tabia ya chuma pembeni ya mshono. Ndiyo maana mara nyingi utaona fremu iliyochomelewa haikatiki palepale pa zamani, inakatika kando yake kidogo.

La tatu ni pikipiki iliyokwisha kupata ajali. Fremu imepinda, ikanyooshwa kwa nyundo na moto, ikapakwa rangi, ikarudi barabarani. Kwa macho ni mpya. Kwa ndani ni mgonjwa aliyevalishwa kanzu ya Iddi.

Na sehemu mbaya kuliko zote ni shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Tairi likipasuka, dereva hodari anaweza kuishika pikipiki mpaka pembeni. Breki ya nyuma ikikataa, kuna ya mbele na kuna gia. Shingo ikikatika ukiwa kwenye mwendo, hakuna cha pili. Tairi la mbele linakwenda kwake na wewe unakwenda kwako.

Sasa tuzungumze mmoja mmoja, kila mtu achukue fungu lake.

1. WEWE UNAYEUZA, NA WEWE DALALI

Unaijua hadithi ya lundo la chakula sokoni. Mtume (s.a.w.) alipita, akaingiza mkono wake mtukufu ndani ya lundo, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye chakula kulikoni. Yule akajibu kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilichorowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya katika biashara hayumo pamoja naye.

Tazama kwa makini. Yule mtu hakuimwagia maji nafaka yake. Ilinyeshewa, na mvua ni ya Allah. Kosa lake lilikuwa kuweka kikavu juu na kibichi chini. Nawe hukuukata wewe ule ufa. Njia mbovu imeukata. Lakini makopo ya rangi nyeusi uliyanunua kwa mkono wako, na uliupitishia brashi ukiwa unajua ni nini kilicho chini yake. Na lile lilikuwa chakula kilicholowa, la zaidi ni mtu kula hasara. Hapa ni shingo ya mtu.

Utasema, "Sheikh, mimi nilimwambia mteja aikague mwenyewe, na nikamwambia ikitoka hapa hairudi." Sikiliza fiqhi ya madhehebu yetu. Imamu Nawawi katika Minhaj ameitaja mas'ala ya muuzaji anayeweka sharti la kutodaiwa aibu yoyote ya kitu. Rai yenye nguvu aliyoitaja ni kwamba sharti hilo linamsaidia kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, si nyingine. Mnyama, kwa sababu ugonjwa wake hujificha hata kwa mwenyewe. Na hakuijua. Wewe unauza chuma, na ulijua. "Ikitoka hairudi" yako haikuokoi mbele ya Allah, na mnunuzi ana haki ya kukurudishia pikipiki kwa ile khiyari ya aibu.

Kuna wengine wanakwenda mbali zaidi: wanakata namba ya fremu ya pikipiki moja na kuibandika kwenye nyingine, ili ilingane na kadi. Huo ni uongo wa maandishi juu ya uongo wa rangi. Fremu mpya ina taratibu zake za usajili. Ni usumbufu, nakubali, lakini ni halali.

2. WEWE MWENYE PIKIPIKI

Bosi wangu, hapa nitasema kwa adabu lakini nitasema. Umempa kijana pikipiki, anakuletea hesabu ya shilingi 10,000 kila jioni. Hilo si haramu kwa asili yake. Mali yako, na kijana kapata kazi. Lakini anapokupigia simu kusema fremu imeonyesha ufa, jibu lako ni lipi? Nayajua majibu yetu. "Ichomelee hapohapo kijiweni." "Mbona wenzako wanatembelea hivyohivyo?" Na lile zito kuliko yote: "Mimi nataka hesabu yangu, mambo ya fremu yatajulikana huko mbele."

Katika milango ya fiqhi, mtu anayekodisha kitu anauza manufaa yake. Manufaa ya pikipiki ni kumfikisha mtu salama. Manufaa yakikatika pasipo uzembe wa aliyekodi, hawajibiki kulipia kitu ambacho hakipo. Na wanavyuoni wana kanuni mashuhuri kwamba anayekula faida ya kitu ndiye anayebeba dhamana yake. Huwezi kula faida ya siku 300 kisha hasara ya siku tano umtwike kijana asiye na hata kitanda chake mwenyewe. (Mikataba ya kulipia mpaka pikipiki iwe ya dereva ina mjadala wake mrefu, tutautenga siku nyingine inshaAllah.)

Nakuomba kitu kimoja tu. Andika kwenye mkataba wako: siku ambayo pikipiki imeegeshwa kwa ubovu usio wa uzembe wa dereva, hesabu haihesabiwi. Mstari mmoja. Ukiuandika huo, kijana hatakuwa na sababu ya kukuficha ufa, na wewe hutakuwa na sababu ya kuogopa simu yake. Usipouandika, umemweka mahali ambapo ukweli unamgharimu chakula cha watoto, halafu ukamtaka aseme ukweli.

3. WEWE FUNDI

Mikono yako ina baraka, na kazi ya mkono ni sunna ya Manabii. Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma na Allah akatengeneza nguo za vita za kuwakinga watu. Zingatia, za kuwakinga.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, akadhuru, huyo ni mdhamini. Wanavyuoni hawakuliacha fundisho hili kwa tabibu wa miili peke yake, wamelipima pia kwa kila mwenye kudai ufundi asio nao. Kuchomelea geti la nyumba na kuchomelea shingo ya pikipiki ni kazi mbili. Geti likiachia, linalala chini. Fremu inataka ufa usafishwe mpaka mwisho wake, inataka vyuma vishikwe vinyooke kabla ya moto, inataka mtu anayejua aina ya chuma na waya wa kuchomelea unaofaa. Kama huna hayo, sema sina. Sema, "Ndugu yangu, hii fremu imekwisha, tafuta nyingine." Utakosa shilingi elfu chache leo. Lakini utalala.

Na ukiwa umechomelea, usipake rangi nzito juu ya mshono kuficha kazi. Acha dereva auone kila siku anapoosha pikipiki, ajue kama umefunguka.

4. WEWE DEREVA

Mwanangu, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayebanwa pande zote. Bosi anataka hesabu, askari yuko barabarani, abiria anakutaka uwahi, nyumbani wanangoja. Na wewe ndiye wa kwanza kuanguka. Lakini umebeba amana, na amana haishuki kwa sababu maisha ni magumu.

Abiria anapopanda nyuma yako hakukagui. Hajui shingo ni nini. Amekuamini, amekushika bega, amekaa. Ukijua kuna ufa ukampakia bila kumwambia, umemchukulia uamuzi juu ya roho yake. Na akifa, jambo haliishii kwenye rambirambi. Surat an-Nisaa imetaja kuua kwa kukosea na ikaweka diya kwa familia, na kafara ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Simhukumu mtu humu. Kila tukio lina maelezo yake na muulize mwanachuoni aliye karibu nawe. Nataka ujue tu kwamba dini haiichukulii roho iliyotoka kwa uzembe kuwa ni bahati mbaya inayosahaulika baada ya arobaini.

Basi jifunze kuikagua. Siku moja kwa wiki, tuseme Ijumaa asubuhi kabla hujakoga kwa ajili ya swala, fanya hivi:

- Osha pikipiki, uondoe tope na grisi, kisha ikaushe. Ufa hujificha kwenye uchafu.
- Chukua tochi ya simu. Tazama shingo pande zote, kisha mahali bomba la chini linapoungana na shingo, mahali injini inapofungwa, mahali uma wa nyuma unapozungukia, na mahali shokapu za nyuma zinapofungwa juu. Kisha ng'oa kiti utazame chini yake.
- Tafuta mstari kwenye rangi wenye wekundu wa kutu. Rangi iliyopasuka kwa mstari ulionyooka ni chuma kinachoongea.
- Ukiona mstari na huna hakika, paka mafuta ya taa, yaache kidogo, futa pakauke kabisa, kisha pulizia vumbi la chaki. Kama ni mkwaruzo, chaki itabaki kavu. Kama ni ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Fanya mbali na moto, na injini ikiwa imepoa.
- Simama nyuma uangalie tairi mbili. Zikiwa hazipo mstari mmoja, uliza kwa nini.
- Pikipiki inayovuta upande mmoja, usukani unaotikisika kuliko ulivyozoea, bolti ileile inayolegea kila wiki, mlio mpya ukipita tuta: usiongeze sauti ya redio. Simama.

Ukikuta ufa shingoni, usiwashe tena kwa safari ya "hapo tu". Siku nyingi zinazomaliza watu huanza na "hapo tu".

5. WEWE ABIRIA

Na sisi tunaopanda tusijitoe. Nani anayemwambia dereva, "Tupakie sote watatu, tutakuongeza mia tano"? Ni sisi. Nani anayemsukuma, "Kimbiza, nimechelewa"? Ni sisi. Mtume (s.a.w.) amepiga mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine juu wengine chini. Wa chini, ili wasiwasumbue wa juu kwa kupanda kuchota maji, wakataka kutoboa tundu upande wao. Wa juu wakiwaachia, wote wanazama; wakiwashika mikono, wote wanaokoka. Wewe mtu wa tatu kwenye kiti cha mtu mmoja umeshika patasi, unatoboa jahazi ambalo na wewe umo.

Na kofia ngumu ivae. Utafiti mpana uliokusanya tafiti nyingi za pikipiki umeonyesha kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Haizuii fremu kukatika, lakini inaweza kukupa nafasi ikikatika. Dada zangu mnaosema inaharibu hijabu au ina jasho la watu, vaeni kitambaa chepesi ndani yake. Mwenye uwezo anunue yake. Ukitaka kujua thamani ya kichwa, nenda siku moja ukawatazame wagonjwa pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), uwaombee dua, kisha urudi utuambie kama jasho ni hoja.

"SHEIKH, TUTAKULA NINI?"

Hili swali najua limo kifuani mwa dereva aliyesoma mpaka hapa, na ni swali la haki. Kumwambia mtu aegeshe pikipiki ni rahisi kwa mwenye mshahara. Nasaha isiyojua njaa ya anayenasihiwa ni nusu ya nasaha.

Kwa hiyo tusiishie kumlaumu mtu mmoja. Kijiwe chenye madereva 20, kila mmoja akiweka shilingi 500 kwa siku, ni shilingi 10,000 kwa siku na 300,000 kwa mwezi. Wekeni mtu mwaminifu na daftari, bila riba, na mkubaliane kwa maandishi: pesa hii ni ya mwenzetu aliyeegesha kwa ubovu wa hatari. Atalipiwa chakula cha nyumbani siku zile, au ataongezewa ya kununulia fremu. Huku ndiko kusaidiana katika wema na uchamungu tulikoamrishwa katika Surat al-Maida. Mia tano ni chini ya bei ya soda.

Na nyinyi maimamu wenzangu na kamati za misikiti. Kila Ijumaa nje ya misikiti yetu kuna safu ya pikipiki. Tunaomba wenye magari waondoe magari yao yaliyoziba njia. Tumewahi kumwita fundi mzuri mara moja kwa mwezi, akakagua fremu za waumini baada ya swala? Tunachanga zulia, tunachanga spika, tunachanga rangi ya ukuta wa msikiti. Hiyo ni kheri. Lakini fundi mmoja kwa saa mbili anaweza kupunguza majeneza yanayoletwa kwenye huo huo msikiti. Nani atakwambia hiyo si sadaka?

NENO LA MWISHO

Ndugu yangu, kesho mbele ya Allah ule ufa hautaulizwa, ni chuma tu. Watakaoulizwa ni waliouona. Muuzaji aliyepaka rangi. Bosi aliyesema anataka hesabu yake. Fundi aliyesema "iko sawa" akijua haiko sawa. Dereva aliyesema "hapo tu". Abiria aliyejibanza mtu wa tatu. Na sisi tuliokaa kwenye mkeka wa matanga tukasema ni qadari, tukijua jina la kila mmoja wao.

Kabla hujafunga simu hii, fanya jambo moja. Kama una pikipiki, ishike tochi ukaitazame shingo yake leo. Kama unamfahamu mwenye pikipiki, mfikishie maneno haya. Kama umeuza pikipiki ukijua ina ufa, namba ya mnunuzi bado unayo kwenye simu yako. Mpigie leo, mwambie asiipande. Rudisha pesa yake au mkubaliane kwa haki. Itakuuma, lakini mlango wa toba uko wazi maadamu roho haijafika kooni. Yako, na ya yule mnunuzi.

Allahumma, ewe Mola wetu, wahifadhi vijana wetu walioko barabarani usiku na mchana wakitafuta riziki ya halali. Warehemu waliotangulia, waponye waliolazwa. Tupe riziki isiyochanganyika na damu ya mtu. Tupe ndimi za kusema tulichokiona kabla hakijamuua mwenzetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.